Ukuta Tuliomkandikia Kobe

Mwanangu Nyamvula,

Nakuandikia nawe upo hapo uani, karibu kiasi kwamba nikikohoa utanisikia. Shangazi yako anakusuka na kukuonya kwa pamoja: usilale bila kufunga dirisha, usile chakula cha mtu usiyemjua, usiache sala, usimkopeshe mtu nguo. Baba yako naye ameshakueleza habari za baridi ya bara na za sweta. Basi mimi hayo nayaacha. Yamekwisha kusemwa, na hata ukiyasahau mawili matatu, hutadhurika.

Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya kizimba cha kobe.

Najua utacheka. Lakini nimemsikia shangazi yako tangu asubuhi akiwasimulia wageni wanaokuja kukuaga: "Binti huyu, tangu kuzaliwa alipenda vitambaazi. Kobe, kinyonga, guruguru, vyote rafiki zake." Si kweli. Ulipokuwa mchanga ukimwona mjusi ukutani ulikuwa ukilia mpaka pumzi zinakukatikia. Wewe hukuzaliwa na mapenzi hayo. Yalikujia kwa sababu ya mambo yaliyotupata mimi na wewe, na sitaki uende huko chuoni ukiwa na hadithi ya shangazi yako badala ya ile yetu.

Unakumbuka kwamba baba yako alipata kazi ya bustani kwenye hoteli hapa Galu, Mkoloni akiwa bado yupo. Mimi nikamfuata, wewe ukabaki Kinango kwa mama yangu. Tulisema utabaki mpaka tutakapopata chumba kizuri, na chumba kizuri kikachelewa, na wewe ukakua mikononi mwa bibi yako. Nilipokuja kukuchukua ulikuwa umeshaota meno ya pili mbele, na ulikuwa ukimwita yeye mayo, kama mtoto anavyomwita mama yake, na mimi ukaniita jina langu.

Hapa Galu hukusema. Nilikuwa nikikuuliza, unajibu ndiyo au siyo. Watoto wa jirani walikucheka unavyotamka maneno kwa Kiduruma, basi ukaacha kuyatamka. Chakula ulikigusa kwa ncha za vidole. Nilikupikia wali wa nazi, nikakukaangia samaki, nikakutengenezea vitumbua, nawe ukaketi navyo mbele yako kama mtu aliyeambiwa avilinde.

Ndipo siku moja akaja mtu wa mbuzi, yule aliyekuwa akileta mbuzi wa kuuza kutoka Kinango, na kikapu kilichofungwa kwa kamba. Akasema, "Bibi amesema mpeni mwenye mali yake." Ndani mlikuwa na kobe mdogo, gamba lake limepasuka pembeni pale alipokanyagwa na mbuzi. Ulimjua mara moja. Alikuwa yule aliyekuwa akija nyuma ya zizi la bibi yako kuokota maganda. Ulimtoa, ukamweka mapajani, na ukamwita Mgeni.

Baba yako alisimama mlangoni na jembe lake begani. "Mke wangu," akasema, "kutwa nzima natunza bustani ya watu. Nirudi nyumbani nikute kobe anakula mchicha wangu?"

Tukamtia katika sanduku la sabuni. Akawa anagonga mbao kwa gamba lake, ko, ko, ko, kutoka asubuhi mpaka jua lizame. Hakula. Wewe ukaketi kando ya sanduku, nawe hukula. Mimi nikasema moyoni, wawili hawa watanifia.

Sasa, mwanangu, mimi kazi niliyokuwa naijua kuliko wenzangu ilikuwa kukandika. Nyumba ya mtu ikisimamishwa, fito zikifungwa, mimi ndiye niliyeitwa kuwaongoza wanawake kutia udongo. Nikajiambia, nitamjengea kobe huyu nyumba ambayo Galu nzima haijaiona. Nikasimamisha kizimba pale ubavuni mwa jiko. Nikachukua mawe ya matumbawe, nikachukua chokaa mbichi kutoka tanurini, nikapiga ukuta wa nyuma mweupe pe. Halafu nikakoroga buluu ya kufulia, nikachora bahari, na juu ya bahari mawingu. Nikapachika makombe na konokono kwa safu. Sakafuni nikamwaga mchanga wa pwani, mweupe kama unga.

Majirani walikuja kutazama. Nilisimama kando kama mtu aliyejenga msikiti.

Mgeni aliingizwa humo akaanza kutembea akiufuata ukuta. Akifika pembeni anageuka, anaufuata tena. Hapakuwa na pahali pa kuingiza hata kichwa. Weupe ule ulikuwa ukimpiga machoni mchana kutwa. Baada ya siku chache macho yake yakavimba yakafunga, na ngozi ya miguu ikaanza kubabuka.

Na hapo ndipo uliposema. Ulikuwa umechuchumaa, hukunitazama. "Mama," ukasema, "yeye haijui bahari."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mama. Nami nilikujibu nini? Nilikujibu neno ambalo sisi watu wazima tunaliweka mdomoni kama tambuu. Nilisema, "Atazoea."

Uliinua uso ukanitazama, na nikaona umejua kwamba sikumsema kobe.

Neno lile limenisumbua zaidi ya maneno mengine mengi niliyowahi kuyasema kwa hasira. Hasira hupita. Lile nililisema kwa upole kabisa, na mkono wangu nikiwa nimekuwekea kichwani.

Nikamtoa Mgeni nikamwosha macho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kitambaa, asubuhi na jioni. Chokaa ndiyo iliyokuwa imemuunguza. Mimi niliyekuwa nikikandika nyumba za watu nilijua vyema jinsi chokaa mbichi inavyokula mikono, lakini nilikuwa nimeshughulika na kupendeza. Nikachukua panga nikaukwangua ukuta ule wote, bahari na mawingu na makombe, nikaubakiza uchi. Kisha nikaketi chini karibu yako, nikakuuliza, "Haya. Niambie. Kwao kukoje?"

Ukaanza kunieleza. Ulieleza mpaka mchuzi ukaungua jikoni na hatukuondoka. Ulisema udongo ni mwekundu, lakini si mwekundu wote. Chini ya jiwe ni mweusi kidogo. Ulisema pana jiwe kubwa nyuma ya zizi lililotokeza kama paji la uso, na chini yake pana uwazi, na Mgeni hulala humo jua likiwa kali. Ulisema pana gogo lililoliwa na mchwa. Ulisema nyufa za ardhi wakati wa kiangazi zinavyokwenda. Nilizaliwa Kinango mimi, mwanangu, nimekulia papo hapo, na nyufa zile sikuwa nimeziona hata siku moja.

Udongo wa hapa Galu ni mchanga mtupu. Nikajaribu kuupaka rangi kwa ngeu, ile rangi nyekundu ya seremala, lakini nilipounyunyizia maji ikachuruzika, na Mgeni akatoka na kidevu chekundu kama mtu aliyetafuna tambuu. Ulicheka. Nilisikia kicheko chako kwa mara ya kwanza, nikafanya kosa jingine: nikadhani mambo yamekwisha.

Nikamwomba mtu wa mbuzi atuchukue kwenye lori lake, mimi na wewe, twende Kinango tukachukue udongo wenyewe. Baba yako akasema, "Watu wanakwenda mjini kutafuta mali, mke wangu anakwenda Kinango kutafuta udongo." Lakini alitupa gunia.

Bibi yako alitupokea uani. Ulipomwamkia shikamoo sauti yako ilitoka nzima, nami nikaona wivu, nakuambia kweli. Ulikuwa mwaka wa ukame, wanawake walikuwa wakikesha kisimani, lakini bibi alitoa maji katika mtungi wake akakuosha miguu. Tukachimba nyuma ya zizi. Uliuchagua udongo kwa mkono wako, wa juu kando, wa chini ya jiwe kando. Uliupima uwazi wa chini ya jiwe kwa kuingiza mkono mpaka begani, ukaniambia, "Uwe hivi, usipungue."

Halafu lori likapiga honi, na wewe ukawa huonekani.

Nikamwuliza mama yangu, akiwa anapukuchua mahindi, "Nyamvula yuko wapi?"

"Yupo."

"Mama, lori linaondoka."

"Liache liondoke. Lori ndilo lililokuzaa?"

Nilikukuta chini ya jiwe lile, umejikunja, magoti kidevuni. Nikainama.

"Toka, mwanangu. Tunachelewa."

"Mimi siendi."

"Na kobe je?"

"Mjengee wewe. Wewe unajua."

Nikaingiza mkono kukushika. Nilikuwa na nguvu, ningekutoa. Ukasema, bila kulia, "Safari ile ulinibeba nimelala."

Mwanangu, hatujawahi kulizungumza jambo hili tangu siku ile, kwa hiyo leo nalizungumza. Nilipokuja kukuchukua mara ya kwanza, mimi na bibi yako tulishauriana tusikuambie. Tukasubiri usinzie, nikakubeba alfajiri, nikakupakia kwenye gari umelala. Tulisema tunakuepusha na machozi. Tulikuwa tukijiepusha sisi. Yeye hakuweza kukuaga na mimi sikuweza kuona ukimwaga.

Na pale chini ya jiwe ukaniambia kilichobaki: "Niliamka nikaona bahari. Nikafikiri bibi amekufa."

Nikauondoa mkono. Honi ikapigwa tena. Nikaketi kwenye vumbi, mlangoni pa uwazi ule, na nikafikiri kuliko nilivyopata kufikiri. Mwisho nikasema, "Haya. Kaa. Mimi nakwenda Galu, na nakuaga. Unanisikia? Bibi yu hai, atakuwa nawe hapa. Mimi ni hai, nitakuwa kule. Ukitaka kuja, utakuja kwa miguu yako, umeamka."

Ulitoa mkono, ukanipa mkono, kama watu wazima wanavyoagana.

Nililia juu ya lori, nimekalia gunia la udongo, na wenye mbuzi wakatazama upande mwingine kwa heshima. Nilipofika, baba yako alinitazama, akatazama nyuma yangu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwao."

"Kwao si hapa?"

"Bado," nikasema.

Hakunilaumu. Alilichukua gunia akaliingiza kivulini, na wiki ile yote alikuwa akirudi kutoka kazini anachota maji yeye mwenyewe, ili mimi nikandike.

Ukuta ule niliujenga peke yangu, na nikaukosea. Mara ya kwanza niliharakisha, nikatia udongo mnene kwa mkupuo mmoja, nikauanika juani. Ukapasuka ukaanguka wote usiku ule, pu! Mara ya pili nikatulia. Nikafunga fito nyuma, nikachanganya udongo na samadi na nyasi zilizokatwa, nikatia tabaka nyembamba, nikaiacha ikauke kivulini, nikatia nyingine. Nilitokeza jiwe kwa kupachika matumbawe ndani na kuyafunika kwa udongo. Uwazi nikauchimba kwa kijiko, kisha nikaupima kwa mkono wangu mpaka pale nilipokadiria bega lako linafika. Nikaleta gogo lililoliwa na mchwa. Huko nyuma kabisa, nikachora vilima kwa mkaa na majivu, vya mbali, vimefifia, maana jicho hutaka pahali pa kwenda kupumzika. Udongo ulipokuwa ukikauka nyufa nyingine zilitokea zenyewe. Sikuziziba.

Nikamrudisha Mgeni. Alisimama muda mrefu, shingo nje. Kisha akaenda moja kwa moja chini ya lile jiwe akaingia, akageuka, akatazama nje. Kesho yake alikula majani ya kunde mpaka nikamwonea haya.

Sikutuma habari Kinango. Nilitaka sana kutuma. Kila mtu wa mbuzi alipopita nilikuwa na maneno mdomoni, njoo uone, njoo uone. Nikayameza, kwa sababu kobe alikuwa amepata nyumba, na hiyo ilitosha. Sikutaka nyumba yake iwe mtego wako.

Mvua zilipokatika mlikuja, wewe na bibi yako, mmetembea kutoka barabarani na kuku wawili. Ulimwamkia baba yako shikamoo kabla ya kuniona mimi, na yeye jembe likamponyoka. Kisha ukaenda kwenye kizimba. Ulitazama sana. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako nikingoja neno lako, mimi niliyesifiwa na Galu nzima.

"Mama," ukasema, "ufa huu unakwenda juu. Wewe umeupeleka chini."

Nikakupa kijiko.

Bibi yako alikaa nasi siku kadhaa. Tulimpeleka ufukweni, akaitazama bahari mikono kiunoni, akasema, "Maji yote haya, na hakuna hata kata moja ya kunywa!" Siku ya kuondoka alikuaga mlangoni, mchana, kwa maneno. Ulilia kwa sauti mpaka mbwa wa hoteli wakabweka. Alipopotea njiani ukafuta kamasi kwa mkono, ukauliza kama udongo uliobaki umeshakauka.

Hivyo ndivyo ulivyopenda vitambaazi. Mwambie shangazi yako.

Na mimi nilipata langu. Uliporudi kutoka shule ulikuwa ukichora herufi kwa kijiti kwenye udongo mbichi kabla sijaulainisha, nami nikazifuata kwa kidole. Darasa la watu wazima lilipoanza baada ya Uhuru, mwalimu alishangaa kwamba naandika herufi kubwa kama viazi. Ndizo hizi unazozisoma.

Liko jambo la kinyonga wa hotelini, ambalo ulinikasirikia, na ulikuwa na haki. Mwenye hoteli aliposikia habari zangu alitaka kizimba cha kioo barazani, wageni wapate kumtazama kinyonga wakinywa chai. Akaniambia nisitie majani mengi wala pahali pa kujificha, maana akijificha wataona nini? Nilijua si sawa. Kwa kobe nilikosea kwa kutojua, hapa nilikosea nikiwa najua. Lakini niliitwa "fundi" mbele za watu, na mwanamke hakuwa akiitwa fundi, basi utamu wa neno ukanipoteza. Nikajenga ukuta wa magamba ya minazi, mzuri ajabu, na tawi moja katikati. Kinyonga akawa mweusi, akabaki mweusi, akafa.

Ulikuja kumzika. Ulisema, "Ungewaambia."

"Baba yako angefukuzwa kazi."

"Ungewaambia tu."

Waliponiita tena nikawaambia: bila pahali pa kujificha, sijengi. Mwenye hoteli alinishukuru kwa adabu, na hakuniita tena. Baba yako hakufukuzwa. Alinuna kidogo, kisha akasahau. Hapakutokea lolote kubwa. Lile jambo lililonitisha kiasi kile, lilikuwa mlango wa makuti, nilipousukuma ulifunguka.

Utakuwa mwalimu. Sijui kazi hiyo, na sitakufundisha. Lakini najua utaingia darasani siku moja, utamkuta mtoto anayejibu ndiyo na siyo. Huyo wewe unamjua kuliko vitabu watakavyokupa. Na kabla ya hapo, wiki za kwanza huko bwenini, huenda ukawa wewe mwenyewe ndiye unayeufuata ukuta huku na huku. Watakuambia utazoea. Wanasema kwa wema. Wewe tafuta pembe yako, ingia, geuka, tazama nje. Hakuna anayekuhesabia muda. Ukiona njaa imekuja, utatoka.

Mgeni alipokuwa mkubwa hata kizimba hakimtoshi, wewe ndiye uliyesema arudi. Tulimpeleka pamoja, tukamweka nyuma ya zizi. Alikwenda zake kichakani na hakugeuka hata mara moja. Wewe ulipiga makofi kwa furaha. Mimi niliudhika: kobe gani huyu asiye na shukrani, nimemwosha macho kwa mikono hii! Ulicheka ukaniambia, "Mama, ulitaka akupungie mkono?" Sasa kuku wanataga kizimbani mwake, na ukuta umeanza kubomoka upande wa mvua, na mimi sioni haja ya kuukandika tena.

Nimeandika mpaka kidole kinauma, na shangazi yako amemaliza kichwa chako, namsikia akisema umependeza. Umependeza, hata bila kutazama najua.

Liko moja nilikuwa nimelificha. Kesho nilikuwa nimekusudia kuamka mapema niende Msambweni kwa kisingizio cha mgonjwa, nirudi basi likiwa limeshakuchukua. Nimeshamwambia baba yako siendi. Nitavaa leso yangu mpya, nitakuja mpaka barabarani, nitakushika mkono mbele ya watu wote, na nitakuaga kwa jina lako. Pengine nitalia kwa sauti, unajua mimi si mtu wa kulia polepole. Wenzako ndani ya basi wakiuliza ni nani yule, usione haya. Waambie: yule ni mama yangu, ananiaga.

Mola akufikishe salama, mwanangu, na akupe watu wa kukaa nao.

Mamako,
Mwanatumu